Jazz ya Kukalia

Mwezi uliopita nilitumwa niandike maneno mia sita kuhusu usiku wa jazz katika hoteli moja ya Westlands. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,500, lakini mwandishi huingia bure na mtu wake mmoja, kwa hivyo nilienda na mjomba wangu, ndugu ya mama. Mimi humwita nera na yeye huniita okewa, kama inavyotakiwa kwa Wajaluo. Alikuwa amekuja Nairobi kuonwa macho, na siku tatu za kukaa kwangu Umoja akitazama ukuta wa ploti ya jirani zilikuwa zimemchosha. Nilipomwambia ni jazz tunaenda kusikiliza, alivaa koti.

Inafaa mjue kwamba nera alipiga gitaa la ridhimu miaka kumi na mmoja katika bendi ya benga iliyokuwa na neno Jazz kwenye jina lake. Jina lenyewe nitaliacha. Haikuwa bendi kubwa, na waliobaki hawajaniomba niwataje. Walizunguka Kisumu, Awendo, Migori, mara moja moja Nairobi, halafu vyombo vikauzwa na kila mtu akaenda kutafuta kazi nyingine.

Bendi ya hotelini ilikuwa nzuri, nisiwanyime haki yao. Piano, dramu, saksafoni, na lile besi kubwa la kusimama linalofanana na mzee mnene. Baada ya mapumziko walimwita kijana mmoja wa gitaa awasindikize, na kwenye wimbo wake wa tatu kijana akateleza. Sijui kama alipanga ama vidole vilimponyoka, lakini ghafla lile gitaa likaanza kudonoa noti moja moja, juu kabisa, kwa ile haraka ya benga ambayo mtu aliyelelewa Nyanza haihitaji kuelezwa. Dramu ikamfuata. Meza mbili zikainuka. Mhudumu aliyebeba sinia akatikisa bega moja, lile lisilobeba kitu. Nera akasimama, akafungua kifungo cha koti, akaanza kucheza pale pale kando ya kiti chake, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

Wimbo ulipoisha msema chochote akashika maikrofoni. Akashukuru, akasema hiyo ilikuwa ya kuchangamsha damu, sasa tafadhali tuketi, turudi kwa jazz halisi. Watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, ni jamaa mcheshi tu. Nera akafunga kifungo, akaketi. Baada ya nyimbo mbili aliniinamia sikioni.

“Okewa, kwani hii jazz yao ni ya kukalia?”

Yale maneno mia sita sikuyaandika. Naandika haya.

Alichosema yule msema chochote si chake peke yake. Ni imani iliyoenea, na mimi mwenyewe niliibeba nikiwa na miaka ishirini, wakati bado nilikuwa chuoni na nilikuwa najua kila kitu. Inasema hivi: wazee wetu walijiita Jazz bila kujua jazz ni nini. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Nuta Jazz, Victoria Jazz, Shirati Jazz, huko Kongo African Jazz na OK Jazz. Wote walilisikia neno zuri la kigeni wakalibandika kwenye bendi za rumba na benga, kama vile mtu anavyoita kibanda chake cha chipsi Hilton. Tunalisema hilo kwa upendo. Tunatabasamu tukilisema. Lakini ndani yake kuna hukumu: kwamba jina lao lilikuwa kosa, na kwamba jazz yenyewe iko mahali pengine, kwa watu walioisomea.

Sasa naamini kinyume chake. Wazee walilijua neno vizuri sana. Walilichukua likiwa na maana yake ya wakati ule, na wakakaa nayo. Waliohama ni wengine.

Nenda Harlem kidogo. Ukumbi wa Savoy ulifunguliwa mwaka 1926, na jazz iliyopigwa mle ndani ilikuwa muziki wa kuchezea. Watu walilipa ili wacheze. Bendi ya Chick Webb ndiyo iliyoutawala ukumbi ule miaka ya 1930, na wimbo uliompa Ella Fitzgerald umaarufu akiwa na bendi hiyo, mwaka 1938, ulitokana na wimbo wa watoto wa kuchezea uani. Hakuna aliyeuliza kama huo ni jazz ama ni muziki wa kupendwa na watu wote. Lingekuwa swali la kijinga. Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman walikuwa ndio redio, ndio dansi, ndio santuri iliyouzwa. Jazz haikuwa na uhusiano na muziki wa umma. Ilikuwa ndio muziki wa umma.

Halafu mambo yakabadilika haraka, na si kwa sababu za kisanaa peke yake. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, lakini waimbaji hawakuwa wanachama, kwa hivyo kampuni za santuri zikaendelea na waimbaji wakisindikizwa na sauti za kwaya. Mwimbaji akajifunza kwamba anaweza kuuza bila bendi. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, serikali ikaweka ushuru wa asilimia 30 kwenye kumbi ambazo watu waliimbiwa na kucheza, ukashushwa hadi asilimia 20 miezi michache baadaye. Muziki wa vyombo pekee, watu wakiwa wameketi, haukutozwa. Fikiria wewe ni mwenye klabu ndogo ya New York. Utafanya nini? Utaondoa nafasi ya kucheza, utajaza meza.

Sisemi ushuru ndio uliozaa bibopu. Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Thelonious Monk walikuwa na njaa yao, na sehemu ya njaa hiyo ilikuwa ya haki kabisa: walikuwa watu weusi waliochoka kuonekana watumbuizaji wa kuchekesha wazungu, walitaka kusikilizwa kama wasanii. Wakaharakisha mwendo mpaka miguu ikashindwa. Hilo nalielewa na naliheshimu. Ila angalia walichojengea. Parker alipotengeneza “Ko-Ko” mwaka 1945, chini yake kulikuwa na mfuatano wa sauti wa “Cherokee”, wimbo wa dansi uliojulikana na kila mtu. “Ornithology” imekalia “How High the Moon”, wimbo wa jukwaani. Hata jazz ilipokimbia sokoni, ilikimbia na kikapu cha sokoni mkononi.

Kwa hivyo pale katikati ya miaka ya 1940 jazz ya Marekani ilianza kuketi, na ikaendelea kuketi mpaka ikapata vyuo na shahada. Sina neno na shahada. Yangu niliiacha mwaka wa tatu, na huenda ndiyo sababu mtu akiniambia muziki fulani unahitaji mtu aliyesoma ndiyo ausikie, shingo yangu hukaza. Ila wakati huo neno lenyewe lilikuwa limeshasafiri zamani. Lilisafiri likiwa bado limesimama.

Huko Ufaransa miaka ya 1920 neno jazz lilikuwa pia jina la seti ya dramu. Si mtindo, ni chombo: ile ngoma kubwa ya mguu, ile ndogo, visahani vya shaba. Mpiga dramu katika bendi ya dansi alikuwa “anapiga jazz”. Nilipomwambia nera habari hii alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu kwao Jazz lilikuwa neno lililochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ngozi ya mbele ya ngoma ya mguu. “Mimi nilifikiri ni jina la ile ngoma,” akasema. “Ngoma ikipasuka tunasema jazz imepasuka.”

Pwani yetu ilikuwa na uzoefu wa kupokea maneno ya namna hii. Kabla ya jazz kulikuwa na beni, neno lililotoka kwa bendi za Waingereza, na kuanzia Lamu na Mombasa hadi bara watu wakalifanya lao, na mashindano yao, na vyeo vyao vya mchezo, mpaka mtu anayesema beni hawazi tena habari za jeshi la Mwingereza. Baada ya beni ikaja dansi: vilabu vya miaka ya 1930 mjini Dar es Salaam na Tanga, watu wakijifunza foksitroti na wolsi, suti zimepigwa pasi. Dar es Salaam Jazz Band ni ya kizazi hicho. Ukiwa na dramu, tarumbeta, saksafoni kama umebahatika kuipata, na kazi yako ni kuwachezesha watu wa mjini Jumamosi usiku, basi wewe ni jazz band. Ndivyo ilivyokuwa Dar, na ndivyo ilivyokuwa Harlem mwaka huo huo. Kosa liko wapi?

Kuna mtu atanikatiza hapa: lakini sauti zao zilitoka Cuba, si New Orleans. Ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko zote walizo nazo. Santuri za GV za kampuni ya HMV, zilizoleta son ya Cuba Afrika kuanzia miaka ya 1930, ndizo zilizowafunza vijana wa Léopoldville na Morogoro namna ya kupanga wimbo. Mji wa Morogoro wenyewe ni mfano mtamu. Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba. Wapinzani wao wa mji huo huo waliitwa Morogoro Jazz, ambako baadaye aliingia kijana anaitwa Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Bendi moja imebeba Cuba kwenye jina, nyingine imebeba Jazz, na mchezaji akitoka ukumbi mmoja kwenda mwingine hakuhitaji kubadilisha viatu. Lakini basi hata Marekani yenyewe ilikuwa inakula sahani hiyo hiyo. Mwaka 1947 Dizzy Gillespie alimweka Chano Pozo, mpiga ngoma wa Cuba, katikati ya bendi yake, na “Manteca” iliyotoka hapo leo inafundishwa kama jazz, bila mtu kuomba cheti cha kuzaliwa. Gillespie akichukua kutoka Cuba anaongeza kwenye jazz. Kabasele akichukua kutoka Cuba anaambiwa hajaielewa jazz. Hapo ndipo ninapoona kwamba tunabishana juu ya kitu kingine kabisa.

Joseph Kabasele huyo, mwanzilishi wa African Jazz, alikwenda Brussels mwaka 1960 wakati wanasiasa wa Kongo wakijadiliana na Wabelgiji, na huko bendi yake ikarekodi “Indépendance Cha Cha”. Jina la bendi la Kimarekani, mtindo wa Cuba, habari ya uhuru wa Kongo, na wimbo ukavuka Afrika nzima. Nuta Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika. Wafanyakazi waliona bendi ni sehemu ya kazi yao, na bendi ikaiita namna yake Msondo. Western Jazz wakasema yetu ni Saboso. Hii tabia ya kila bendi kuwa na mtindo wenye jina naipenda sana. Inamaanisha hawakuwa wanaigiza jazz. Jazz lilikuwa jina la ukoo. Jina lako mwenyewe ulijipa.

Hata Kenya tunakunywa kwenye kisima hicho. Wilson na George Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakapitia Arusha wakiwa Arusha Jazz, wakafika huku na kuwa Simba Wanyika mwaka 1971. Kutoka kwa Simba wakazaliwa Les Wanyika na ile “Sina Makosa” ambayo hata watoto wa Gen Z wanaijua kutoka kwa besi yake kabla sauti haijaingia. Neno Jazz lilianguka njiani. Familia ni ile ile.

Lakini nisipige kelele za historia tu, maana muziki husikilizwa, hauthibitishwi kwa tarehe. Twende kwenye santuri.

Zile ndogo za mizunguko 45 hazingeweza kubeba wimbo mrefu, kwa hivyo nyimbo zetu zilikatwa mara mbili. Sehemu ya Kwanza upande huu, Sehemu ya Pili upande ule. Sehemu ya Kwanza ndiyo yenye hadithi: mpenzi ameondoka, pesa hakuna, shemeji ana maneno. Unageuza. Sehemu ya Pili hadithi imekwisha ama imebaki mistari miwili inayorudiwa, na magitaa yanachukua nyumba. Wakongo waliipa sehemu hii jina, sebene. Kwenye benga ndipo gitaa la solo, lililokuwa linamfuata mwimbaji kama kivuli, linapomwacha nyuma na kurudi kwa babu yake, nyatiti, kwa zile noti fupi kavu zinazogongana. Mfuatano ni mmoja, unarudi na kurudi. Juu yake mtu anabuni papo hapo.

Sasa chukua “My Favorite Things” ya John Coltrane. Ni wimbo wa mchezo wa jukwaani wa Broadway, mtamu kama sharubati, wa watu wa kawaida kabisa. Coltrane akauchukua mwaka 1960 na saksafoni ya soprano, akaurefusha ukapita dakika kumi na tatu. Namna gani? McCoy Tyner kwenye piano anashika sauti mbili anazirudia, anazirudia, kama mtu anayesonga ugali, na Coltrane anapanda juu yake. Na Atlantic walipotaka kuutoa kwa santuri ndogo ili redio na mashine za baa ziucheze, waliufanya nini? Waliukata. Part 1 upande huu, Part 2 upande ule.

Nilipogundua hilo nilikaa kimya kidogo kitandani. Kisu ni kile kile. Tatizo ni lile lile: muziki unaotaka kuendelea, na plastiki inayosema dakika zako zimeisha. Na jibu ni lile lile pia, wimbo ambao kila mtu anaujua unatumika kama mlango, halafu vyombo vinaingia ndani.

Hata hivyo sitaki kuwa yule mtu wa kusema kila kitu ni kitu kimoja. Si kimoja. Ukimsikiliza Coltrane kwa makini unamsikia mtu mmoja akienda mbali, peke yake, wenzake wakimshikia taa. Uzuri wake uko kwenye umbali. Sebene haiendi mbali. Msikilize Franco, aliyeanza na OK Jazz mwaka 1956 akalibeba jina hilo la Jazz mpaka alipokufa 1989. Kwenye zile nyimbo zake ndefu, “Mario” ya 1985 kwa mfano, magitaa yamefumwa kama ukili, hili linajaza tundu la lile, na kuna gitaa zima, mi-solo, ambalo kazi yake ni kukaa katikati ya solo na ridhimu ili pasibaki pengo. Hakuna anayeachwa akiwa peke yake. Solo ikitoka sana nje, ni kosa, kwa sababu kuna mtu sakafuni ambaye kiuno chake kinategemea. Coltrane anamjibu Mungu. Franco anamjibu mchezaji. Hivyo ni vipimo viwili, na ubunifu wa papo hapo upo kwa wote, ila mmoja unaulizwa umefika wapi na mwingine unaulizwa umemwinua nani.

Na niongeze, kwa haki, kwamba si kila Sehemu ya Pili ni dhahabu. Kuna benga nyingi ambazo gitaa linasema jambo moja dakika sita na jambo lenyewe tulilisikia kwa bendi nyingine wiki jana. Nera mwenyewe ananiambia kuna usiku walipiga wakiwa wamelala. Mbaraka Mwinshehe hakuwa hivyo. Huyo alikuwa na subira. Anaanza solo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, halafu noti moja inafungua, na unagundua alikuwa anajua ufunguo uko wapi tangu mwanzo. Morogoro Jazz walikwenda naye Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970 kuiwakilisha Tanzania. Alikufa Januari 1979 kwa ajali ya barabarani huku kwetu, upande wa Mombasa. Hakuwa amefika hata miaka thelathini na tano. Kama angekuwa anapigia wasikilizaji wa kuketi wa New York, zingekuwa zimeandikwa juzuu nne kuhusu ile mikono.

Rudi Westlands. Kilichonishangaza zaidi usiku ule, nikikumbuka orodha ya nyimbo, ni jinsi jazz halisi ilivyokuwa na jazz kidogo. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Ellington, umechezwa vizuri. Kulikuwa na kimoja cha Herbie Hancock. Vilivyobaki vyote vilikuwa vibao vya redio: vya R&B vya miaka ya 1990, kimoja cha Sauti Sol, na “Malaika”, ambayo inaonekana kuna sheria ya hoteli kwamba lazima ipigwe na saksafoni kabla ya kahawa. Saksafoni ikiimba pale mwimbaji angeimba, noti kwa noti, na pambo kidogo mwishoni mwa mstari. Hii ni njia ya Kenny G. Si dhambi, watu wengi wameoana nayo. Lakini ukitoa mwimbaji, ukatoa mchezaji, ukapunguza sauti ili watu waweze kuzungumza juu ya kiwanja wanachonunua Kitengela, ulichobaki nacho ni muziki wa kupendwa uliofungwa tai. Dakika pekee ya usiku ule ambayo mtu alibuni kitu bila kujua kitaishia wapi, wenzake wakamfuata kwa hatari, na chumba kikajibu, ilikuwa ni ile ya yule kijana wa gitaa. Dakika ile ile tuliyoambiwa si jazz.

Kwa hivyo neno linafanya kazi gani pale? Linafanya kazi ya kiingilio. Linasema nani aje na nani asije. Nairobi, bango likiandikwa jazz, mdhamini ni benki na divai iko. Likiandikwa benga, mdhamini ni kampuni ya bia, kama yupo. Wanamuziki wengine ni wale wale. Namjua mpiga besi anayepiga Ijumaa huko Westlands kwa malipo yanayoeleweka, na Jumamosi Kasarani kwa pesa inayotegemea walevi wametoa tuzo kiasi gani. Vidole vyake havijui tofauti ya siku. Mfuko unajua.

Na si kwamba jazz ya kuketi imetunyima kila kitu. Tamasha la Safaricom lililoanza Nairobi mwaka 2014 lilipeleka mapato yake kwa Ghetto Classics, na kuna watoto wa Korogocho wanaoshika tarumbeta leo kwa sababu hiyo. Juma Tutu anapiga saksafoni yake na kuita anachofanya Swahili Jazz bila kuomba radhi, na unasikia Mombasa ndani yake. Kwa hivyo mlango haujafungwa. Ila mnaona jinsi hata yeye inabidi aongeze Swahili mbele ya Jazz, ili mtu asije akadai kurudishiwa pesa. Western Jazz hawakuongeza kitu. Shirati Jazz ya D. O. Misiani iliweka tu jina la mahali alikozaliwa, ng'ambo ya mpaka, kisha Jazz, ikatosha.

Mhariri aliniuliza kama nadhani benga iitwe jazz. Hapana. Benga iitwe benga, ina jina lake na linatosha. Ninachokataa ni kulitoa neno kwenye ngoma ya nera na kusema hakuwa na ruhusa. Alikuwa nalo miaka kumi na mmoja. Bendi yake ilipiga harusi na matanga, ilipiga mikutano ya kampeni ambayo haikulipwa mpaka leo, na watu waliposema twende jazz walimaanisha twende kule. Lugha huwa hivyo. Neno ni la anayelitumia kazi.

Tulitoka hotelini saa nne na nusu. Kwenye matatu ya kurudi Umoja nera alikuwa kimya, koti amelikunja magotini. Nilifikiri ameumia kwa lile jambo, kumbe alikuwa anahesabu. “Yule kijana,” akasema, “mkono wa kushoto ni mzuri. Ila hakuwa na ridhimu. Alikuwa anajibebea mwenyewe.” Nikamwambia piano ilikuwa inamsaidia. “Piano ilikuwa inamwangalia.”

Nikatoa simu, nikatafuta bendi yake. Sikutegemea kupata kitu, lakini kuna mtu, sijui wa wapi, aliyepakia wimbo wao mmoja kutoka kwa santuri yenye mikwaruzo, picha ni lebo tu inayozunguka. Watazamaji 412. Nikampa sikio moja la earphone, jingine nikabaki nalo. Hakusema chochote mpaka mwimbaji alipomaliza hadithi yake na gitaa likaanza kuinuka, na hapo hapo sauti ikafifia, ikakatika. Ilikuwa Sehemu ya Kwanza.

“Geuza,” akaniambia.

Nikatafuta kwenye ukurasa wa yule mtu, nikatafuta kwa jina la wimbo, kwa jina la bendi, kwa jina la mwimbaji. Tulikuwa tumeshapita Donholm. Nera alikuwa ameanza kugonga ridhimu yake kwa vidole viwili kwenye chuma cha kiti cha mbele, taratibu, na dada aliyekaa kile kiti akageuka kututazama, akaturudishia mgongo, lakini kichwa chake kikabaki kinatikisika kidogo.